Foleni ya Kwenda Ghorofani

Ofisi yangu iko juu ya jiko la mama. Ngazi ni moja tu, fupi, na hata mvivu kama mimi angefika juu kabla hajamaliza kupiga mwayo. Lakini kwa muda mrefu sikuruhusiwa kuipanda nikienda kazini. Ilinibidi nitoke kwa mlango wa mbele, nimevaa buibui na viatu vya heshima, mkoba begani, nizunguke mtaa, niingie nyumba ya shangazi yangu iliyo ng'ambo ya kichochoro, nipande ngazi zake, kisha nivuke wikio, kile kidaraja kilichojengwa juu ya njia ili wanawake wa nyumba mbili watembeleane bila kushuka chini. Nikishavuka, niko ofisini. Ndivyo alivyotaka mama, na nyumba ni yake.

Kabla ya hapo nilikuwa Nairobi, nikipokea simu za wateja wa bima. Watu hawapigi simu ya bima wakiwa na furaha, kwa hiyo kutwa nilikuwa nikitukanwa kwa adabu, na jioni naingia kwenye foleni kutazama matako ya malori. Mama alikuwa akinipigia kila siku baada ya sala ya adhuhuri kuniuliza kama nimekula. Akinipigia tena jioni, namwambia niko kwenye foleni. Yeye, ambaye amezaliwa na kuzeeka Amu, mji wetu wa Lamu, pasipo na magari, hakuielewa foleni hiyo hata kidogo. Siku moja aliniuliza huko mbele kunagawiwa nini mpaka watu wasimame mpaka usiku.

Baadaye wakubwa wetu wakachoka kutuona tukifika ofisini tumeshachoka. Wakatangaza kwamba mwenye kompyuta na mtandao afanyie kazi nyumbani, barabara ipumue kidogo. Wenzangu wakafurahi, kila mmoja akabaki kwake, nusu saa kutoka mjini kusipokuwa na magari. Mimi nilimwuliza bosi nyumbani kunaruhusiwa kuwa mbali kiasi gani. Akasema mradi simu zipokewe, hata mwezini. Baba alikuwa amefariki, mama yuko peke yake katika nyumba kubwa ya mawe, na presha yake na magoti yake, na mimi nilikuwa silali vizuri kwa kumfikiria. Nilirudi Amu nimwangalie mama. Sababu nyingine sikuwa nayo.

Wiki ya kwanza nilikaa ukumbini, nimevaa dera, kompyuta juu ya meza ya baba. Wanawake wa mtaa wakaja kunisalimia, wakaniona niko nyumbani asubuhi ya siku ya kazi, wakatazamana. Habari ikaenea kwamba nimefukuzwa. Mmoja aliniletea sinia la mahamri lililofunikwa kawa, kama kwa mfiwa. Mwingine akamshika mama mkono na kumwombea subira. Wasionihurumia walinitumia: nishike mtoto mara moja, nikune nazi mbili, nimsomee ujumbe wa mkwewe. Mteja mmoja, mtu mzima aliyegongewa gari lake, aliniuliza kama hiyo ofisi yetu ya bima inafuga mbuzi. Nikamwambia samahani, ni wa jirani. Akakata simu.

Mama aliumia kwa aibu kuliko mimi. Kwake yeye mtu mwenye kazi huonekana akitoka. Baba alitoka, babu alitoka, na binti aliyesomeshwa kwa taabu hawezi kukaa na dera akizungumza peke yake. Akatundika pazia chini ya ngazi, akaweka kiti mbele yake, akanitangazia kuwa kuanzia kesho ngazi imefungwa saa za kazi.

Nilibisha, nikanuna, na kesho yake nikavaa viatu. Mama akanisindikiza mpaka kwenye daka, pale kibarazani mlangoni, akaniombea dua ya safari kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu. Majirani wakaniona nikipita na mkoba, wakaniamkia kwa heshima mpya. Naona aibu kusema, lakini mpango ulifanya kazi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniletea nazi. Nilikuwa nikimsikia mama kupitia sakafu akiwaambia wageni kwamba sipo, niko kazini hadi alasiri, na hapo mimi niko juu ya vichwa vyao nabana kikohozi. Shangazi naye alijifanya askari wa forodha. Hakuna kuvuka wikio lake bila kikombe cha kahawa na habari kamili ya kilichopikwa kwetu jana.

Kisha nikapata foleni yangu mwenyewe. Asubuhi moja punda aliyebeba mifuko ya saruji kutoka mtaa wa Langoni alikutana uso kwa uso na punda aliyebeba mchanga, kwenye kichochoro kile chembamba kabisa nyuma ya msikiti. Hakuna aliyekubali kurudi nyuma, punda wala wenye punda. Nyuma yangu kukaja mkokoteni wa maji, nyuma yake wanafunzi, nyuma yao mzee mmoja aliyeanza kutoa maoni. Nikasimama pale, nimebanwa ukutani, huku naliona dirisha la ofisi yangu juu, na chini yake nauona moshi wa jiko letu. Bosi akapiga simu kuuliza mbona sipo hewani. Nikamwambia niko kwenye foleni. Akauliza kama Lamu wameleta magari. Nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa, na kwa wiki nzima kila mkutano ulianza kwa kuulizia hali ya punda.

Nilimsimulia mama, naye akacheka akifuta machozi kwa leso yake. Sasa alikuwa ameielewa foleni. Kumbe hakuna kinachogawiwa, alisema.

Jambo ambalo sikuliona ni kwamba ile simu ya baada ya adhuhuri ilikatika. Nilipokuwa Nairobi hakuwahi kuikosa. Niliporudi, tukalala chini ya dari moja, tukala sahani moja usiku, na mchana kutwa hatukusemezana. Mama alikuwa amenipeleka kazini kwa dhati, na alichokiamua alikishika.

Siku moja ya mvua nilifunga kompyuta alasiri, nikavuka wikio, nikalipa ushuru wangu wa maneno kwa shangazi, nikazunguka mtaa nikiruka madimbwi, nikapiga hodi. Mama aliitika kwa sauti ya chini kuwa mlango uko wazi. Nilimkuta ameketi sakafuni karibu na jiko, ameegemea ukuta, mguu mmoja ameunyosha, umevimba mpaka kifundo hakionekani. Sakafu ilikuwa imelowa, ndoo imelala ubavu. Mapajani mwake alikuwa na ungo, anachagua mchele, maana ungo ndio alioweza kuufikia.

"Umeshakuya?" aliniuliza kwa Kiamu chake, kama ninayerudi kutoka safari. "Ndiani kwema?"

Nilipiga magoti kwenye maji na buibui langu. Alikuwa ameteleza tangu asubuhi, na kishindo kilimezwa na mvua. Niliuliza mbona hakupiga kelele, mbona hakugonga hata dari kwa mwiko. Halafu nikaiona simu yake, imefungwa kwenye pembe ya leso, pale pale kiunoni.

"Mama, simu unayo. Mbona hukuniita?"

"Ningekuitaye, mwanangu, na wewe uko kazini?"

Alisema hivyo bila lawama yoyote, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilikasirika, nikalia, nikakasirika tena kwa sababu nalia. Kutwa nzima nilikuwa nimewapoza watu nisiowajua kwa vioo vya gari vilivyopasuka, na aliyenirudisha Amu yuko chini ya miguu yangu anachagua mchele kwa maumivu. Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni, shangazi akiwa mbele anawafokea punda wapishe. Daktari akasema mfupa haukuvunjika, kifundo kimeteguka tu, apumzike.

Usiku ule nilitangaza kwamba mchezo umekwisha: pazia litolewe, na mimi nihamie chini, majirani waseme watakayo. Mama alikataa akiwa kitandani, mguu juu ya mto. Alisema hakunisomesha nije nionewe huruma kwa mahamri. Nami nikasema sikuacha Nairobi nije kuishi mbali naye kwa ghorofa moja. Mwishowe akasema atafikiri, na mama akisema atafikiri huwa ameshakataa.

Asubuhi alinisindikiza kwa macho tu kutoka kitandani, na dua ikasomwa vile vile. Nilimwacha na binti wa jirani, nikazunguka mtaa kwa hasira, nikamnyima shangazi habari, nikavuka. Nilifanya kazi vibaya. Kila kishindo cha sufuria chini kilinishtua.

Baada ya adhuhuri simu yangu ikaita. Ilikuwa namba ya mama.

"Samahani kwa kuwasumbua kazini," alisema kwa sauti rasmi, ile ya kuzungumza na maofisa. "Nataka binti yangu, kama hana shughuli nyingi."

"Ndiye mimi, mama."

"Umekula?"

Nikamwambia bado. Nilikuwa namsikia mara mbili, mara sikioni na mara sakafuni.

"Basi ndoo ule," alisema, sasa akiniita kwa Kiamu chake. "Shuka kwa ngazi. Leo hakuna foleni."

Nikamwomba mteja aliyekuwa akisubiri anipe muda kidogo. Nilipofika chini, kile kiti cha mbele ya pazia kilikuwa kimeshaondolewa.