Deki Mbili Mezani kwa Komanda

Cyprien Nizigama alikuwa na deki ya kaseti ambayo watu wa Uvira waliizungumzia kama vile wengine wanavyozungumzia gari. Haikuwa radiokaseti ya kubeba begani. Ilikuwa deki nzito ya Kijapani, ya vichwa vitatu vya kurekodi na kusoma kaseti, iliyotengenezwa wakati yeye bado kijana wa kulima pamba Lubarika. Aliinunua kwa Mgiriki mmoja wa Bujumbura aliyekuwa anafunga duka, akarudi nayo kwenye taksi ameipakata kama mtoto mgonjwa. Nyumbani kwake Kimanga, tangu mkewe afariki, hakuna aliyeigusa isipokuwa binti yake Déborah na Pitchou, mume wa Déborah, ambaye alikuwa mwepesi wa kunawa mikono kwanza.

Wenye deki walimletea zao azipime. Alikuwa amerekodi parokiani noti moja tu ya kinanda, imeshikiliwa mpaka pumzi ya kinanda inakwisha. Deki nzuri huitoa noti hiyo imenyooka. Deki mbovu huitikisa, ikalia kama mbuzi. Jirani yake Jean-Berchmans aliwahi kuleta moja yenye taa nyekundu na kijani zinazocheza, naye Cyprien akamwambia waziwazi kwamba taa ni nzuri ila mwendo unayumba. Jean-Berchmans alinuna, kisha akarudi kusikiliza muziki kama kawaida.

Vita vilipoingia mjini mwaka 1996, walikimbia kusini kando ya Ziwa Tanganyika, wakalala porini na kwenye makanisa. Waliporudi, mlango wa nyumba ulikuwa umeng'olewa na deki haikuwepo. Cyprien hakupata hata nafasi ya kuililia, kwa sababu wiki hiyohiyo Pitchou alikamatwa kwenye kizuizi cha waasi. Alikuwa amevaa suruali ya kijani, wakasema ni askari wa serikali aliyejificha. Déborah alikuwa na mimba kubwa.

Kila asubuhi Cyprien alikwenda kusimama mbele ya kambi yao alikofungwa Pitchou. Walinzi walimfukuza, akasogea kidogo, akasimama tena. Aliwaona wengine waliokuwa wakisimama pale wakipungua: mmoja aliambiwa arudi nyumbani asingoje tena, akaondoka bila kuuliza kwa nini. Cyprien alianza kuogopa kwamba na yeye ataambiwa vile.

Siku moja mlinzi alitoka kuja kumwita. Alimfuata akidhani zamu yake ya kuambiwa vile imefika. Lakini ndani, komanda alikuwa ameketi mbele ya meza yenye deki mbili zilizoporwa, ya Cyprien na ya Jean-Berchmans.

"Wananiambia weye unajua hizi mashini," komanda alisema. "Nitabeba moja. Ile ingine, mwenyewe akuje aichukue. Nionyeshe ile ya muzuri."

Cyprien aliona macho ya komanda hayabanduki kwenye zile taa. Ilitosha kusema tu kwamba ya taa ndiyo nzuri, na deki yake ingerudi Kimanga. Aliomba kaseti. Wakampa ya kwaya ya wanawake, akaiweka kwanza kwenye deki ya Jean-Berchmans, akangoja mwisho wa ubeti, pale sauti zinaposhikilia. Zilitetemeka. Akaiweka kwenye yake, na sauti zikasimama wima, mpaka askari mmoja mlangoni akageuza kichwa.

Aliwaza: kesho huyu mtu akisikia nyimbo zake zinayumba, atamtuma nani kunifuata, na atamfanya nini yule aliyeko humu ndani?

"Hii ya taa inatikisika," alisema. "Hii ingine ndiyo ya muzuri. Iko yangu."

Komanda alizima kaseti. "Sasa juu ya nini unaniambia?"

"Juu mukwe wangu iko humu, komanda. Anaitwa Pitchou. Minye sitaki unikute na uongo."

Komanda alimwamuru aende.

Hakuna kilichotokea kesho yake, wala siku zilizofuata. Cyprien aliacha kula. Alijilaumu kwamba kwa kulitaja lile jina amemwonyesha komanda mahali pa kupiga, na Déborah alipomuuliza walichozungumza alishindwa kumwambia. Uchungu wa kuzaa ulimshika Déborah akiwa bado anamuuliza.

Alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Délice. Déborah alikuwa bado amelala kwa udhaifu wakati Pitchou alipoletwa na wanawake wawili wa sokoni waliomkuta ameanguka njiani. Waasi walikuwa wamemwachilia. Vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimevunjwa.

Jean-Berchmans alikwenda kambini kudai deki yake. Akaambiwa hakuna kitu; zote mbili zilipakiwa kwenye lori. Alikuja mlangoni kwa Cyprien, hakuingia.

"Ulisema mbele yao ile yangu iko ya mubaya?"

"Nilisema."

Alitikisa kichwa, akaondoka. Hawakusalimiana tena, mpaka vita vya 1998 vilipowatawanya na Jean-Berchmans akavuka kwenda kambi za wakimbizi Tanzania.

Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Jioni ile ya kwanza, siku Pitchou aliyorudi, Déborah hakuweza kuinuka, na Pitchou hakuweza kushika chochote. Cyprien alisonga bugali, akapika ndagala, dagaa wa ziwani, akaketi chini kando ya mkwe wake akimlisha tonge kwa tonge, jambo ambalo bamkwe na mkwe hawatendeani. Wote wawili walitazama ukutani mpaka sahani ikaisha.