Uvimbe Uliotolewa Puani

Nilijua nina shida siku nilipowapa vijana wa Maungu goli ambalo halikuwepo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Voi, na siku hizo Jumapili baada ya kanisa nilikuwa refa. Mshambuliaji alipiga, nikaona mipira miwili: mmoja ulitoka nje, mwingine ukaingia wavuni. Nikachagua ule ulioingia. Mashabiki wa upande wa pili walinifukuza hadi barabara ya Mombasa, na kwa kuwa kila mmoja wao nilimwona wawili, nilikimbia vizuri sana.

Mke wangu ni Mdawida wa milima ya Taita, mtu asiyeamini kitu mpaka akinuse. Alininusa mdomo. Alipokosa harufu ya pombe akanipeleka kwa daktari wa macho, nikapewa miwani. Bado niliona vitu viwili, lakini sasa viwili safi. Halafu jicho la kushoto likaanza kuegemea puani. Darasani nikiuliza swali, watoto wawili waliokaa pande tofauti walijibu pamoja.

Kichwa kilipoanza kuuma kila siku, nilienda Mombasa nikapigwa picha. Waliitazama, wakanituma Nairobi bila maelezo mengi.

Daktari wa upasuaji wa Nairobi alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ya chini. Alitueleza mimi na mke wangu kwamba nina uvimbe kwenye sakafu ya fuvu, nyuma kabisa ya pua, chini ya ubongo. Ni wa nadra na ni mkali. Unakula mfupa, na umeshabana mshipa wa fahamu unaogeuza jicho. Hangepasua kichwa. Angepitia puani.

Mke wangu akaigeukia pua yangu, ambayo watu wa kwao wanaizungumzia tangu siku ya posa.

"Daktari, nafasi iko," akasema. "Hata ukitaka kuingia na kiti."

Daktari alicheka, kisha akauonyesha uvimbe kwenye picha. "Mshipa mkubwa wa damu uko kando yake. Nikiugusa vibaya, nitampoteza."

Mke wangu hakufanya mzaha tena siku hiyo. Hilo ndilo lililonitisha.

Upasuaji ulichukua karibu siku nzima. Nilipoamka, pua ilikuwa imejazwa pamba. Daktari alikuja akaniambia ametoa karibu wote, ila kipande kimoja kilikuwa kimeshikamana na ule mshipa, akakiacha.

"Ningeweza kukifuata," akasema, "lakini nilitaka uamke."

Sijawahi kuambiwa neno tamu kama hilo, na mimi nimeoa.

Ikafuata mionzi, wiki kadhaa. Walinitengenezea kofia ya plastiki iliyobana uso wangu wote, wakaifunga mezani nisitikisike. Nililala pale nikiwatukana kimoyomoyo wote walioniambia nijipe moyo. Jicho lilirudi mahali pake polepole. Harufu, niliyoacha kuisikia tangu upasuaji, haikurudi. Kile kipande kingali kwenye picha, kimetulia.

Mchungaji alitaka nitoe ushuhuda kwamba nimepona kabisa. Nilisimama nikasema ukweli: daktari ametoa alichoweza, kingine kimechomwa, kidogo kimebaki, na kila miezi sita narudi kupimwa. Mchungaji akanipokonya maikrofoni kwa tabasamu, akatangaza sadaka.

Baada ya ibada, bibi mmoja wa kwaya alinivuta nyuma ya jiko la kanisa. Alifungua kitambaa cha kichwa, akanionyesha uvimbe nyuma ya sikio. Alikuwa ameuficha tangu mwaka uliopita, akingoja upone kwa maombi ndipo ausimulie kanisani. Hakuniuliza lolote kuhusu imani. Aliuliza kama hospitalini wanafungua Jumatatu.

Mke wangu alimpeleka. Ulikuwa wa mafuta tu. Ukatolewa hapa hapa Voi, na kufikia saa sita mchana alikuwa nyumbani. Alinuna wiki nzima, kwa sababu leso zake zote nzuri alikuwa ameshawagawia wakaza wana wake akidhani anakufa, na hakuna hata mmoja aliyetaka kurudisha.