Mama wa Bendera

"Hivi huyo Nicasia amefungwa na nani, mbona mlango wake hauna hata komeo?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu Efrosina, kasimama mbele ya karai langu la samaki akisubiri wa kwake waive. Ana ulimi mkali mama huyu, lakini siku ile hakuwa anachokoza mtu. Alikuwa ametoka kumkuta Nicasia amekaa kizingitini, viatu vya safari miguuni, macho kwenye barabara ya La Paz, na haendi popote. Nikamjibu, "Amefungwa na bendera." Efrosina akanitazama kama mtu aliyelewa moshi wa mafuta. Basi acha nieleze vizuri, maana aliyeuliza si yeye peke yake.

Nicasia Tarqui ni komadre wangu. Nilimbeba binti yake Rufina siku ya ubatizo, na kwetu ukishambeba mtoto kanisani, wewe na mama yake mmekuwa ndugu mpaka kaburini. Yeye si mzaliwa wa hapa ziwani. Alilelewa na shangazi yake kule La Paz, kwenye vyumba vya wadarizi, wanakoshonwa mavazi ya wachezaji wa sikukuu, malaika na majoka na mashetani wenye pembe za uzi wa fedha. Alijua kudarizi kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Kisha akaolewa na Melitón, baharia wa boti za doria za ziwa letu, Titicaca, akaja huku na begi la nyuzi na blanketi moja.

Wageni hucheka wakisikia Bolivia ina mabaharia. Nchi yetu haina bahari. Tulikuwa nayo, ikachukuliwa na watu wa Chile vitani, zamani za babu wa babu zetu, na kila Machi tunaimba kwamba itarudi. Mabaharia wetu wako juu huku kwenye baridi, wanajifunza mawimbi kwenye maji yasiyo na chumvi. Wakistaafu huingia katika Udugu wa Mabaharia, wenye nyumba yao ya bati la bluu karibu na gati. Hapo ndipo ilipo bendera.

Udugu ulipotaka bendera yake ya mahameli, wazee walimwita Nicasia. Walitaka kila rangi iseme jambo. Uwanja wote ni bluu iliyokolea, karibu na nyeusi, ndiyo bahari tuliyonyang'anywa. Chini kuna utepe wa samawati, ndilo ziwa lililotupokea. Kati kuna nanga nyeusi, na nanga hiyo haikushuka majini, imechoma mwamba, kwa kuwa sisi tumetia nanga mlimani. Kamba yake ni nyekundu kwa damu ya waliokufa. Kushoto na kulia ni matete ya kijani, ambayo wazee wetu waliyafunga wakapanda juu yake kabla ya kuwa na mbao. Na juu kabisa iko nyota ya dhahabu, ndio mkoa wetu wa pwani.

Sasa, hiyo nyota ina miale mitano. Minne imejaa uzi wa dhahabu, jua likiipiga unafumba macho. Wa tano umechorwa kwa uzi mweupe tu, ndani mtupu. Utajazwa siku bahari itakaporudi, na atakayeujaza ni yule yule aliyeianza kazi. Sindano imechomekwa hapo kwenye ncha, na uzi wake wa dhahabu umeshatungwa, inangoja.

Kwetu bendera hubatizwa kama mtoto. Padri alinyunyiza maji ya baraka, wazee wakammwagia Mama Ardhi pombe yake, tukala. Nicasia akaweka mkono juu ya mahameli, akaapa mbele ya Bikira kwamba habari ya bahari ikija itamkuta karibu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Nicasia tena, ila mumewe na sisi majirani wa karibu. Akawa Mama wa Bendera. Kila Machi, siku ya bahari, Melitón huibeba bendera mpaka uwanjani na mkewe humfuata ubavuni. Tarumbeta zikinyamaza, Don Abdón, mwenyekiti wa Udugu, huuliza kwa sauti, "Mama wa Bendera, sindano iko tayari?" Naye hujibu, "Iko tayari." Mbele za Mungu nasema, sijawahi kulisikia jibu hilo bila machozi.

Ilikuwa heshima. Alipita sokoni akipewa viazi vizuri. Lakini shangazi yake, yule aliyemlea, alipofariki La Paz, Nicasia alifunga mzigo akakutana na wazee njiani. Hawakumkataza. Walimwuliza tu, kwa upole kabisa, "Na habari ikija leo, tukutafute wapi?" Akarudi. Shangazi akazikwa na majirani. Baadaye ikawa mazoea. Akienda hata kijiji cha pili kununua sufu, mtu atatania, "Mama, usikawie, bahari iko njiani!" Naye anaharakisha. Nimemwona kwa macho yangu akiharakisha.

Rufina akakua, akaondoka kama vijana wetu wengi, akashuka mpaka Arica kuchuma zeituni. Arica ni Chile sasa. Akapata mume hukohuko, mpagazi wa bandarini, kijana mpole, nimeongea naye kwenye simu. Melitón alipopata habari alikwenda kusugua vifungo vya koti lake la sherehe. Jina la binti yake halijatoka kinywani mwake mpaka leo. Simlaumu sana. Yeye naye alifundishwa na baba yake ramani ya pwani ile kabla ya sala.

Mwaka huu Rufina alibeba mimba. Iliyotangulia ilikuwa imetoka, na hii nayo ilikuwa ya mashaka, daktari akamlaza kitandani. Alimpigia mama yake. Hakulia. Alisema tu, "Mama, naogopa kuzaa peke yangu. Njoo." Nicasia aliniletea simu ile kama mtu aliyeshika yai.

Tukaenda pamoja kwenye kikao cha Udugu. Yeye alisimama, mimi nikabaki mlangoni na aproni yangu inayonuka samaki.

"Wazee wangu," akasema, "mwanangu yuko hatarini. Nataka nikakae naye mpaka ajifungue. Nawaomba sindano mumpe mwingine."

Don Abdón alivua kofia. "Mama wa Bendera, humu ndani nani asiyekupenda? Lakini utoke hapa uende ukalale kwao, kwenye pwani hiyohiyo?"

"Si ndiyo vizuri!" akadakia Sixto, mcheshi wao. "Ataipokea bahari mlangoni, atupigie simu."

"Funga domo, Sixto," mzee mmoja akamkemea. "Wewe hata boti ikiwa imefungwa gatini ulikuwa unatapika."

Wakacheka. Nicasia naye alicheka kidogo, ndivyo alivyo. Nilipoona kicheko kinataka kulimeza lile ombi, nikasema kutoka mlangoni, "Samahanini wazee, mimi sijui mambo yenu. Kwa nini asiujaze huo mwale leo, kazi ikaisha, naye akawa huru?"

Melitón ndiye aliyenijibu, tena bila hasira.

"Basilia, mwale ukijaa na bahari haipo, tumewaambia wajukuu kwamba tumesahau. Au kwamba tumedanganya."

"Basi apewe mwingine."

"Sindano haipewi mwingine," Don Abdón akasema. "Inakwenda kwa binti. Binti yake aje aichukue, akae hapa, mama aende anakotaka."

"Binti yake ndiye aliyelala kitandani Arica, mzee!"

"Najua," akasema, akaitazama kofia yake. "Najua, dada yangu. Ndiyo desturi."

Natamani ningewaona ni watu wabaya. Walimpa mkono mmoja mmoja, wakamwombea Rufina, na Sixto mwenyewe alimletea mfuko wa maharage makavu jioni. Huwezi kugombana na watu wa namna hiyo. Melitón nyumbani alimwambia, "Mke wangu, sikukatazi. Njia ile pale. Siku ya bahari nitabeba bendera, na ubavuni kwangu patakuwa patupu, basi." Angempiga marufuku ingekuwa nafuu, komadre wangu aliniambia hivyo, kwa kuwa marufuku mtu anaweza kuiruka.

Ndizo siku alizokuwa akikaa kizingitini. Nilikuwa napeleka mshumaa kwa Bikira kila nikifunga biashara, namwomba amfungulie Nicasia upande wowote, hata dirishani.

Kisha ikaja siku ya mkesha. Kesho yake ndiyo siku ya bahari, barabara imepambwa bluu, watoto wa shule wanajaribu tarumbeta. Asubuhi Nicasia alikuja mbio kwenye karai langu, shali iko begani upande mmoja. "Rufina kaanza uchungu. Mapema mno. Mume wake kapiga sasa hivi." Nikazima jiko. Tulifunga mzigo pamoja, blanketi la mtoto la sufu, viazi vilivyokaushwa kwa baridi, majani ya kuchemshia mzazi, na kofia ndogo aliyoifuma mwenyewe, ya njano. Hakuaga mtu. Nikaubeba mzigo mpaka kituoni, naye akitembea mbele yangu haraka kama msichana.

Basi la La Paz lilikuwa tayari linanguruma. Dereva ni Gumercindo, mtoto wa mmoja wa wale wazee. Alimwona Nicasia akikanyaga ngazi, akashangaa.

"Mama wa Bendera! Leo? Unaenda wapi?"

"Arica. Kwa mwanangu."

Watu ndani ya basi wakageuka kumtazama. Nilidhani atamzuia. Gumercindo ni kijana mwema, aliona uso wa mama yule, akampokea mkono amvute juu. "Panda, mama, panda. Nenda kamwone mtoto. Hiyo habari haiji wiki hii wala mwaka huu."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Halafu wa pili. Halafu basi zima, kicheko kizuri tu, cha watu wanaomtakia safari njema. Mama mmoja akasogeza kuku wake ampishe nafasi.

Nicasia alibaki na mguu mmoja ngazini. Akageuka polepole, akashuka.

"Komadre, vipi? Panda!" nikamwambia.

"Wamelisema, kwamba haiji," akanijibu. "Tangu niape sijasikia mtu akilisema. Na mimi pale ngazini nikaona wamesema kweli."

"Sasa kama ni kweli, si ndiyo uende?"

Akatikisa kichwa. "Kesho Abdón atauliza mbele ya watu wote. Nikiwa sipo, jibu litakuwa kicheko hiki. Melitón atakuwa ameshika mlingoti peke yake, Basilia. Yule mzee hana kitu kingine."

Gumercindo akapiga honi, si kwa ukali. "Wamama, naondoka au siondoki?"

Nicasia alinifungua aproni kiunoni, akaikunja, akaiweka begani kwake. Shali yake akanifunga mimi. Mzigo nilikuwa bado nao mikononi, akausukuma taratibu kifuani kwangu, na macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Panda wewe, komadre," akasema. "Mshike mkono mpaka azae, na mtoto umbebe wewe kwanza kwa ajili yangu. Na umwambie Rufina kwamba sikukataa kuja."