Saa ya Jua Iliyogoma Desemba

Mimi nikipita nyumba za mwisho za Mbinga huanza kuuliza tunarudi lini. Lakini shemeji yangu Otmar, fundi mwashi aliyemuoa dada yangu kule ziwani karibu na Lundo, alipiga simu: "Shemeji, saa ya jua niliyojenga hapa kanisani imegoma. Kesho kamati ya kigango inaipiga plasta. Huku nani atanipa kazi tena?" Mtaalamu nikawa mimi, kwa kuwa ninayo moja uani, karibu na kahawa, na niliwahi kuisifu mno.

Alfajiri, mke wangu alinifungia chakula cha siku tatu.
"Narudi kesho," nikamwambia.
"Kwanza ufike."

Barabara inashuka ziwani kwa kona kali. Nilizipita nimefumba macho. Mandhari ulizeni waliokaa dirishani.

Saa nne, Otmar akanipokea kigangoni, kwenye kanisa lao dogo. Kwenye nguzo ya kengele, upande wa kaskazini, kulikuwa na mistari safi na nondo iliyotokeza. Jua linawaka, kivuli hakuna.

"Tumsifu Yesu Kristu," nikasalimu.
"Milele amina," akajibu Mama Winfrida, mwenyekiti wa kamati, ndoo ya plasta miguuni. "Wewe ndiye daktari? Julai mgonjwa alikuwa mzima."

Nikamweleza aina za saa za jua. Ya kulala chini, kama yangu, hupata jua mwaka mzima. Ya kusimama hupata jua la upande inaotazama tu, na Novemba mpaka Februari jua letu hupita kusini.
"Hii ni ya kusimama, ya kaskazini," nikasema.
"Yaani iko likizo. Na ya kusini?"

Tukazunguka nguzo. Nondo ileile ilikuwa imetokezea nyuma, imebeba vikapu vya wanakwaya. Mama akaviondoa. Kivuli chembamba kikalala ukutani.

"Ulikusudia, Otmar?"
"Sikuwa na msumeno, mama."

Akacheka, akanipa kipande cha mkaa. "Plasta itasubiri. Kila saa weka alama." Nikashinda juani mpaka jioni, dada akiniletea ugali na dagaa wa ziwani, usipa, kama mfungwa.

Asubuhi nikamalizia alama zilizobaki. Ya saa moja tuliiacha; milima bado ilificha jua. Mama akaamuru majina yaandikwe: mbele Zamu ya Kiangazi, nyuma Zamu ya Masika, maana kule mvua huanza Novemba.

Nikarudi Mbinga nikijua kwamba huku kwetu saa ya kusimama inahitaji nyuso mbili. Kutojisifu nimejifunza pia, ila nimechelewa. Jana Otmar kapiga simu: kamati imempa nguzo ya kigango cha pili. Mama Winfrida anasema nondo isikatwe, na yule mtu wa mkaa aje.