Kilo Mia na Hamsini za Kwenye Kadi

Tani alikuwa fundi mizani, na tafadhali usicheke. Watu wameshacheka vya kutosha: mtu mwenye mwili ule, mwili wa kujaza mlango, eti kazi yake kupima uzito! Jina lake la kwenye cheti lilishasahaulika, hata mkewe alilitumia siku za ugomvi tu. Mwenye duka yeyote ambaye mizani yake imeanza kudanganya alimpelekea Tani. Yeye aliifungua, akaisafisha, akairudisha inasema kweli. Kwenye hilo hakuwa na mchezo. Ungeweza kumtania tumbo kutwa nzima, lakini uguse mizani yake bila ruhusa, utamjua.

Kila asubuhi, kabla wateja hawajaja, alikuwa na utaratibu wake. Aliivuta katikati ya karakana ile mizani kubwa ya magunia, ya chuma, yenye magurudumu manne, inayobeba hadi kilo mia tatu. Aliijaribu kwa mawe ya kilo ishirini ishirini mpaka aridhike. Kisha alivua viatu, akapanda mwenyewe. Alichokisoma alikiandika kwa chaki nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukiwa wazi hapaonekani. Miaka sita mfululizo ilikuwa nambari ile ile: mia moja sabini na sita. Hakumwonyesha mtu. Watu wakishajua kilo za mtu mnene, kila mmoja anageuka daktari.

Na ushauri alishapewa, jamani! Muuza mkaa alimwambia aache mkate. Kinyozi alimwambia aruke kamba. Shemeji yake alisema ni uvivu tu, na yeye shemeji mwenyewe alikuwa anasema hayo akiwa amelala kwenye kochi. Zamani, Tani alipokuwa kijana mwenye kilo mia na kitu, watu hao hao walimwita bosi na kumpa kiti cha mbele, na mama yake akatamba kwamba mwanangu ana afya. Sijui ni kilo ipi hasa iliyovuka mpaka, lakini siku moja heshima iligeuka kichekesho. Hakuna aliyekumbuka kwamba baba yake alikuwa hivyo hivyo, na shangazi yake hivyo hivyo, na kwamba seremala aliyechonga jeneza la baba ilibidi alichonge mara mbili. La hasha. Walishaamua kwamba Tani anakula sana, basi, kesi imefungwa.

Hata mkewe aliamini hivyo, na hilo ndilo lililomkata Tani maini. Mkewe alikuwa mshonaji, mwembamba kama ufito, ulimi mkali kuliko mkasi wake. Walikula sahani moja miaka kumi na minane, na mara zote mume ndiye aliyetangulia kushiba na kunawa. Mama huyo akapiga hesabu akapata jibu lake: kama hali nyumbani, basi anakula kwa siri. Akatia kufuli kwenye kabati la chakula, ufunguo akaufunga kwenye pindo la nguo.

Tani alipoliona kufuli alicheka. "Mama watoto, ungeajiri na mlinzi kabisa."

Hiyo ndiyo ilikuwa kinga yake: ajicheke mwenyewe kabla hajachekwa. Ilimfaa miaka mingi. Mwaka huu ilibaki kidogo imuue.

Jumanne moja mizani ilisema mia moja sabini na saba. Siku mbili baadaye, mia moja themanini. Tani akadhani mizani ina hitilafu, akaijaribu upya kwa mawe, na mizani haikuwa na kosa hata la punje. Alipobonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Akilala chali anakosa pumzi, kwa hiyo akawa analala ameegemea ukuta. Kutoka karakana hadi bombani ni hatua thelathini tu, naye alisimama mara mbili njiani.

Na alikuwa hali! Hapo ndipo aliposhikwa na kiwewe. Chakula kilimkinai, anakiangalia tu. Mkewe aliona matonge yanabaki sahanini, akanuna. "Umeshakula huko huko," alisema, akaondoa sahani.

Akaenda kliniki ya mtaani. Muuguzi hata hakuinua macho. "Panda."

Ilikuwa mizani ndogo ya kusimamia, mwisho wake kilo mia na hamsini. Mshale ulikimbia hadi mwisho ukagota. Muuguzi akaandika kwenye kadi: 150.

"Dada, huo umegota," Tani akasema. "Mizani imeishiwa, mimi bado."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Na yeye, mjinga yule, akacheka nao! Tena akaongeza chumvi: "Nileteeni ile ya malori." Muuguzi akafuta machozi ya kicheko, na 150 ikabaki kama ilivyo. Daktari aliisoma kadi bila kumwangalia mwenye kadi, akampa karatasi yenye orodha ya vyakula vya kuacha.

Alirudi baada ya siku tatu. 150. Akarudi tena. 150.

"Mzee, uzito wako hausogei hata kidogo," daktari akamwambia. "Hufuati maelekezo."

"Daktari, miguu inavimba."

"Inabeba mzigo mkubwa."

"Pumzi inakata."

"Mwili huo, unategemea nini?"

Kila alichokisema kilijibiwa kwa unene. Angesema amegongwa na baiskeli angeambiwa apunguze mwili. Mimi ningepiga meza pale, ningepiga kelele. Lakini kupiga kelele kulitaka aseme mbele ya foleni ile, kwa sauti, "Nina kilo mia moja themanini na tano." Aliyafungulia mdomo maneno hayo mara mbili, yakamkwama. Akachukua karatasi yake ya pili ya vyakula, akaondoka.

Siku ya kumi na moja tangu Jumanne ile hakufika bombani. Mchukuzi wa magunia aliyeitwa Mgongo, ambaye huegesha mkokoteni wake karibu na karakana, alimkuta amekaa sakafuni, midomo imebadilika rangi, anavuta hewa kwa mabega. Mgongo akaita wenzake watatu, wakampakia kwenye mkokoteni, wakamkimbiza hospitali kubwa, mkewe akikimbia pembeni na sindano yenye uzi bado imechomekwa kifuani.

Hospitali walimweka kwenye benchi la saruji kwenye ukumbi, kwa sababu kitanda walikiogopea. Watu waliokuwa wanangoja walisogea kumpa nafasi, halafu wakaanza kunong'ona, minong'ono ile ya kusikika. "Huyu anakula nini jamani?" "Si kujiua mwenyewe huku?" Mama mmoja alimgeuza mwanawe uso, kana kwamba unene unaambukiza kwa macho.

Daktari wa zamu alikuwa amechoka, macho mekundu, zamu yake inaisha saa nane mchana, na saa ya ukutani ilishafika sita na robo. Akaisoma kadi ya kliniki, iliyokuwa mfukoni mwa Tani. "Mia na hamsini, mia na hamsini, mia na hamsini. Hapa hakuna kilichobadilika. Mpeni dawa ya kifua, aende nyumbani, aanze mlo kwa dhati."

"Mwambie, daktari," mkewe akadakia. "Mwambie wewe, mimi ananiona adui."

Mzaha ulimjia Tani mdomoni kwa mazoea, hata ulishaanza kumchekesha. Lakini hewa ya kuusemea haikuwepo. Kifuani kulikuwa kunachemka, kila pumzi anaigombania, na alielewa vizuri kabisa kwamba akirudishwa nyumbani hataiona Jumamosi. Aliogopa. Alikuwa na pumzi ya maneno machache, matano au sita, na ilibidi ayachague.

"Karakana," akasema. "Nyuma ya... mlango. Soma."

Mkewe akakunja uso. "Umeficha nini huko? Chakula?"

Akatikisa kichwa. Mkewe akatoka na uso wa mtu anayekwenda kumfumania mwizi, Mgongo nyuma yake.

Tani akabaki na saa ya ukutani. Saa sita na nusu. Saa saba kasorobo. Mhudumu alileta karatasi ya ruhusa na kalamu. "Weka sahihi hapa, mzee." Tani aliiacha kalamu ianguke. Mhudumu akaiokota, akamrudishia. Akaiacha ianguke tena. "Mtu mzima unafanya utoto," mhudumu akafoka. Saa saba na robo. Akawaza pengine mkewe amesoma nambari zile na hazikumwambia kitu. Pengine amezisoma akaona ni ushahidi: si ndiyo haya, unapanda kila siku, unakula kila siku! Alijilaumu. Kwa nini hakumwonyesha mapema? Miaka kumi na minane chumba kimoja, anaona haya ya nini?

Halafu akasikia mlio. Gurudumu la nyuma, la kushoto, lile alilokuwa akiahirisha kulitia mafuta tangu mwezi uliopita. Lilikuwa linalia ukumbini.

Mgongo anavuta, mkewe anasukuma, mizani ya magunia inakuja kati ya wagonjwa na mawe yake juu, na askari wa getini anawafuata akipiga makelele. Watu wakasimama kuangalia. Wengine walianza kucheka. Mkewe alikuwa ametoa jasho, kitambaa cha kichwa kimemwanguka, na hakumtazama mumewe. Alikwenda moja kwa moja kwa daktari, akatandaza juu ya meza kipande cha kitambaa cheusi. Alikuwa ameziandika kwa chaki ya kukatia nguo, nambari zote, kwa mstari: 176, 177, 178, 180, mpaka ya mwisho, ya jana yake: 188.

"Mpime," akasema.

"Mama, hapa si sokoni."

"Mpime kwanza, utanifukuza baadaye."

Mgongo alimsogelea Tani amwinue. Tani akainua mkono kumzuia. Akanyooshea kidole mawe. Ndiyo, katika hali ile! Mizani ilikuwa imerukaruka barabarani, haiwezi kuaminiwa kabla haijajaribiwa. Mkewe alielewa, akataka kumpigia kelele, akaacha. Mgongo akapandisha jiwe moja: ishirini. Mawili: arobaini. Matatu: sitini, sawasawa.

Ndipo Tani akapanda, ameshikwa huku na huku, mbele ya ukumbi mzima. Mkewe akasogeza kipimo taratibu mpaka ule mkono wa chuma ukatulia. Akasoma kwa sauti, bila kuficha, ile nambari ambayo mumewe alikuwa tayari kufa kuliko kuitamka.

"Mia moja themanini na tisa."

Daktari alitazama kadi, akatazama kitambaa, akatazama mizani. Midomo yake ilikuwa inahesabu. "Kilo kumi na tatu," akasema. "Kwa siku kumi na moja. Hakuna binadamu anayeweza kula hivyo." Akachuchumaa, akabonyeza mguu wa Tani, akaliona shimo. Akaweka mashine ya kusikilizia mgongoni, huku, kule, chini. Katika safari zote nne hizo, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye koti jeupe kumgusa.

"Haya si mafuta, ni maji," akasema, sauti imebadilika. "Moyo hausukumi. Leteni sindano ya kutoa maji, na oksijeni, upesi! Na vitanda viwili, viunganisheni."

Hakwenda nyumbani saa nane, daktari yule. Hilo nampa. Alikaa mpaka jua likazama, na Tani akakojoa chupa baada ya chupa, na kila chupa ikitoka pumzi inashuka chini zaidi kifuani. Mizani ilibaki pale wodini, hakuna aliyethubutu kuitoa. Baada ya siku nne ilisema mia moja themanini na moja.

Siku ya kuruhusiwa daktari alikaa naye kwenye ukingo wa kitanda. Dawa ni za maisha, akamwambia, na moyo umeumia, hautarudi kama zamani. Miaka hakuihesabu, ila hakudanganya kwamba ni mingi. "Ungekuja mapema kidogo tu, moyo usingechoka hivi."

"Alikuja," mkewe akasema. Akaichukua kadi, akaweka kidole kwenye 150 ya kwanza, akakisogeza kwenye ya pili, akakisogeza kwenye ya tatu. Daktari akaipokea, akaikunja.

Mtaani walimpokea kwa shangwe. "Tani, umepungua! Umeona? Hospitali walikunyima chakula!" Kinyozi akaapa kwamba alisema tangu zamani, mtu akiamua anaweza. Mkewe alimjibu kinyozi maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nyumbani, Tani alikuta mlango wa kabati una matundu mawili ya misumari, na kufuli halipo.

Tangu siku hiyo mkewe huja karakana kila asubuhi. Yeye ndiye anayesogeza kipimo na kuandika kwa chaki, na nambari zimehamia ukuta wa mbele. Kwa wiki tisa zilicheza kwenye mia moja sabini na tano, na sita, na tano tena. Wiki ya kumi, asubuhi moja, mkono wa chuma ulitulia kwenye mia moja sabini na nane. Mkewe alibaki na chaki hewani. Tani alishusha macho akingojea swali lile la siku zote, umekula nini, analijua mpaka lafudhi yake.

"Umelalaje?" mkewe akauliza.

Mzaha ulikuwa tayari mdomoni. Tani akaumeza. "Vibaya," akasema. "Nimekaa ukutani usiku kucha. Naogopa."

Mkewe akaweka chaki chini, akatoka nje kumwita Mgongo na mkokoteni wake.