Fundi Cherehani na Mashine ya Kidoleni

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Sikio huinamia cherehani mbovu ya kwanza iliyoletwa atengeneze, akalaza sikio kwenye chuma na kuzungusha gurudumu kwa mkono. Kama inaruka mshono, anajua kabla ya kutia uzi. Mteja akianza maelezo marefu, humkatiza: "Nyamaza mama, mgonjwa aseme mwenyewe."

Fundi huyu sindano ikimtoboa kidole huichomoa huku anapiga soga. Lakini mwonyeshe koleo la kung'olea meno, anatafuta mlango. Gego lilikuwa limemvimbisha shavu kama mtu aliyeficha mpira mdomoni, na tayari alishamtoroka daktari mmoja, akapita katikati ya soko na kile kitambaa chao cha kukinga mate bado shingoni, watu wakimuuliza ameacha wapi chakula.

Mkewe akamtafutia zahanati ya meno wanakokulaza usingizi kidogo kwanza.

"Unasinzia, unaamka, jino halipo," alimwambia. "Hata wewe huwezi kushindwa kulala."

Siku ya siku, mke alisimama mlangoni, mikono kiunoni, kama golikipa. Daktari wa meno, binti mwenye sauti ya kubembeleza, alimlaza mgonjwa kwenye kiti. Nesi akambana kidole kwa kidude chenye waya, na mashine ukutani ikaanza kuhesabu mapigo ya moyo.

Tit. Tit. Tit. Tit-tit. Kimya. Tit.

Fundi akainua kichwa. "Daktari, mwanangu, mashine yako mbovu."

"Tulia, fundi. Ni nzima."

"Inaruka! Mimi hiyo ndiyo kazi yangu. Usinitie usingizi kwa mashine mbovu, nitaamkia mbinguni. Hebu mbane huyu nesi."

Daktari alikuwa ameshakunja uso, anaangalia ukutani. Akakubali. Nesi akajibana kidole: mapigo yakaja yamenyooka.

"Mbane na mke wangu."

"Mimi tena?" mke akasema. "Na hasira zote ulizonipa tangu asubuhi?"

Yake yalikwenda mbio, ila kila pigo mahali pake. Fundi akabanwa tena. Tit. Tit-tit. Kimya.

"Ni waya," akasema. Wakabadilisha waya. Wakabadilisha kidole, wakahamia mkono wa pili. Alipoanza kuvua kiatu atoe dole gumba la mguu, daktari alimshika kifundo cha mkono, akasikiliza kwa vidole vyake mwenyewe. Pale mashine iliponyamaza, na mshipa chini ya vidole vyake ulinyamaza.

"Fundi, mashine haina kosa. Woga unakimbiza moyo, hilo nalijua, naliona kila siku. Lakini unaukimbiza kwa mpangilio. Huu wako unaruka. Huwa unasikia kizunguzungu?"

"Mimi? Wala."

"Juzi alikumbatia ukuta," mke akadakia. "Nikamuuliza, akasema anaupima."

"Nilikuwa naupima!"

"Kwa kitu gani, baba watoto? Kwa paji la uso?"

Hakuna aliyecheka sana. Fundi akarudisha kichwa kwenye kiti, akasema taratibu, "Basi nilaze tu, mwanangu. Nikilala utatulia."

"Dawa ya kulaza inapunguza pumzi. Pumzi ikipungua, moyo wa namna hii unaweza kuruka usirudi, na mimi hapa sina mtu wa kuurudisha. Hata sindano yangu ya ganzi ina kitu kinachouchangamsha."

"Basi ling'oe hivihivi, nikiwa macho!"

Kila mtu alimtazama. Hata yeye alijishangaa.

"Si leo, wala si hapa," daktari akasema. "Nakupa dawa ya uvimbe na maumivu. Sasa hivi uende hospitali kubwa, nawapigia simu wakupime moyo. Wakiuelewa, jino litatolewa hukohuko, na pembeni yako atakaa daktari wa usingizi. Siku hiyo hana kazi nyingine, ni kukusikiliza wewe tu."

"Na wakinikawiza? Nirudi hapa?"

"Ukirudi hapa nakufukuza."

Maisha yake yote fundi alikuwa anaomba kufukuzwa na daktari wa meno. Sasa amefukuzwa, akabaki amekaa ukingoni mwa kiti, anafunga kamba za kiatu polepole kama mtoto aliyenyimwa.

Kisha akasimama. Mke akatanua miguu mlangoni.

"Unatoroka?"

"Nipishe, mama watoto. Natoroka na wewe. Chukua mkoba."

Mke akamtazama usoni, akaona hapana mzaha, akapisha. Fundi akapita benchi la wagonjwa bila kusalimia, vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, akatoka getini na kushika barabara ya hospitali kubwa. Jino lilikuja kutolewa hukohuko; zahanati ile hakuikanyaga tena.