Sahihi Niliyomwekea Jirani Yangu

Bado nina hasira, na sitajifanya sina. Miaka sita nilikata maua ya watu kwenye shamba moja karibu na ziwa. Kila asubuhi nilitoka hapa mtaani Karagita na jirani yangu wa ploti, tunayepanga vyumba uwanja mmoja, tukatembea pamoja mpaka getini.

Siku walipoleta kanuni mpya za nidhamu na malalamiko, yeye alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Ruhusa alikuwa ameomba kwa mdomo, kama tulivyozoea. Sisi tulikusanywa kantini saa ya chai, jamaa wa HR, ile ofisi ya mambo ya wafanyakazi, akatusomea kurasa tisa za Kiingereza mbiombio huku akiangalia saa. Kisha karatasi ya mahudhurio ikazungushwa. Nikaweka sahihi yangu, na kwenye mstari wa chini nikaweka yake. Usinishangae! Pale shambani tulisainiana kila kitu: glavu, gambuti, hata mafunzo ya kuzima moto. Mwenzako akikosa sahihi anaandikwa hakuja kazini. Nikanywa chai yangu, nikasahau.

Wiki tatu baadaye, supavaiza akamtuma jirani yangu aingie grinihausi, ile nyumba ya plastiki ya maua, iliyopigwa dawa asubuhi hiyo hiyo. Jirani akamwambia, "Boss, hii dawa haijakauka. Itaniharibu macho. Wacha muda wa kungoja uishe kwanza." Kumbe kwa kanuni mpya, malalamiko ya mdomo si malalamiko. Unajaza fomu ofisini, na ukingoja majibu unaendelea na kazi uliyopewa. Ebu niambie, mtu anaendelea vipi na kazi ya kuvuta sumu? Akakataa kuingia. Kesho yake akapewa barua ya kujieleza: amekaidi amri, ilhali alisomewa kanuni na akaweka sahihi.

Aliniletea ile barua chumbani. Analea watoto watatu peke yake, na kazi ndiyo hiyo moja.

"Dada, mimi sikusaini kitu. Wananisingizia."

"Ni mimi nilikusainia," nikamwambia.

Akakaa kitandani. "Na hukuniambia?"

Sikumwambia. Mpaka leo hilo linanichoma roho.

Kanuni zilimruhusu kwenda kwenye kikao cha nidhamu na mfanyakazi mwenzake, kwa hivyo nikaenda mimi. Niliambiwa nikae, nisikilize, nisifungue mdomo. Ruhusa gani hiyo, ya kuja kutazama mwenzako akifutwa? Jamaa wa HR akaweka karatasi ya mahudhurio mezani, akagonga mstari kwa kalamu.

"Si hii ni sahihi yako, mama?"

Jirani yangu akaniangalia, akainamisha kichwa. Hakunitaja. Jameni, hakunitaja! Alikuwa tayari kupoteza kazi kuliko kunichoma kwa wakubwa.

"Ni mimi nilisaini," nikasema. "Yeye alikuwa kliniki siku hiyo. Itisheni kadi ya mtoto, imepigwa muhuri wa tarehe hiyo."

"Wewe hujaruhusiwa kuongea."

"Na nimeshaongea."

Walipoona kadi, wakamrudisha kazini. Barua ya pili ikaja kwangu: kughushi sahihi. Kwenye kikao changu waliniuliza nilianza lini, nani mwingine husainia wenzake, nani alinifundisha. Sikuwapa jina hata moja. Mwishowe nikawauliza na mimi: nani alimtuma mama wa watu kwenye dawa mbichi, na yeye ataitwa lini hapa ajieleze?

Jamaa wa HR akafunga faili. "Hakuna fomu ya malalamiko kuhusu hilo," akasema, na akanionyesha mlango. Wueh! Macho ya mtu yanaungua, wao wanataka fomu.

Nilifutwa Ijumaa. Jumatatu, supavaiza alimtuma tena jirani yangu kwenye grinihausi iliyotoka kupigwa dawa. Jirani aliniambia mwenyewe jioni, kitambaa chenye maji kikiwa machoni, kwamba safari hii hakusema neno, aliingia tu.